Mrejesho: Bia ilikaa ndooni siku 16 kabla ya kutiwa chupani

Mwezi uliopita niliuliza kama siku 7 zinatosha kuchachusha bia ya shayiri kabla ya kuitia chupani, kwa kuwa mapovu yalikuwa yamekoma, nanyi mkanishauri niamini hidromita (kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia) badala ya macho. Nashukuru kwamba nilitii. Kipimo kilisoma 1.022, yaani sukari ilikuwa bado haijaisha kuchachuka, na kwa kuwa baridi ya usiku hapa Nakuru huipumbaza hamira, niliihamishia ndoo jikoni, ambako kipimo kilishuka polepole hadi 1.011 na kubaki hapo siku 3 mfululizo. Ndipo nilipojaza chupa, nikiongeza sukari gramu 6 kwa kila lita ili bia ipate gesi chupani. Jana, baada ya wiki 2, nilifungua ya kwanza: povu lilipanda vidole viwili, na hakuna chupa iliyopasuka, ingawa ile harufu ya ndizi mbivu bado hainiridhishi.