Sherehe kubwa ya taifa inakuja na kamati yetu inavutana, naombeni mawazo

MwanaKamati:
Wakuu habari za humu. Nimeingizwa kwenye kamati ya jiji ya kuandaa maadhimisho ya taifa kutimiza miaka 100, imebaki kama miezi 18 hivi na mpaka leo tunavutana tu. Kuna wanaotaka tukio moja kubwa uwanjani, gwaride asubuhi afu usiku muziki na fataki, kuna wanaotaka mnara mpya, na wengine (mimi nimo) tunataka hela igawanywe kila mtaa ufanye yake. Vikao vitatu vimeishia kwenye nembo na rangi za fulana, sijasikia mtu akiuliza watu watafikaje na watarudije. Waliowahi kufanya kazi hizi, kipi kinaamuliwa kwanza?

FundiJukwaa:
Mkuu hilo la watarudije ndo la kwanza kabisa, usikubali lisukumwe mbele. Mimi nafunga majukwaa na spika miaka mingi sasa na nachokwambia ni kwamba watu wanaingia kidogo kidogo tangu mchana ila wanatoka kwa mkupuo, fataki ya mwisho ikilia tu wote wanageuka kutafuta geti. Antananarivo, Juni 26 2019, siku ya uhuru wa Madagaska, asubuhi kulikuwa na gwaride, jioni watu wakajazana nje ya uwanja wakisubiri kuingia kwenye tamasha la muziki, wakasukumana getini na wasiopungua 15 wakafa. Na kule Akashi Japani mwaka 2001 watu 11 walikufa kwenye fataki, wengi watoto wadogo, juu ya daraja la waenda kwa miguu, kwa sababu wanaokwenda na wanaorudi walikutana humo humo.

Kwa hiyo chukueni ramani ya uwanja kabla hamjaongea na msanii yeyote, pimeni eneo ambalo watu watasimama (toa jukwaa, mahema, miti, na njia ya ambulensi ambayo haifungwi kwa ajili ya kiongozi yeyote). Mkipiga hesabu ya watu wawili mpaka watatu kwa mita moja ya mraba watu wanapumua. Wakizidi watano hapo mtu hatembei tena anavyotaka yeye, anabebwa na wenzake. Njia ya kuingia iwe mbali na ya kutoka. Fataki zikiisha muziki usizimwe, bendi iendelee taratibu kama dakika 40 hivi, wenye watoto wanatangulia, wengine wanabaki wanacheza, geti linapumua. Halafu simu, jamani, umati ukijaa mtandao unakufa, wasimamizi wote wawe na redio za mkononi.

KijanaWaMaktaba:
Naongezea kwenye mnara maana hapo ndo hela nyingi hupotelea. Angalia Philadelphia, jiji moja limeandaa maadhimisho ya uhuru wa Marekani zaidi ya mara moja na matokeo tofauti kabisa. Mwaka 1876, miaka 100, walifanya maonyesho makubwa pale Fairmount Park, ndipo watu walipooneshwa simu ya mvumbuzi Bell, na jengo la Memorial Hall limebaki hadi leo, sasa hivi ni makumbusho ya watoto. Mwaka 1926, miaka 150, wakafungua Mei 31 majengo mengi hayajaisha, afu mvua ikanyesha mno msimu ule, mwisho wa siku hasara tupu. Mwaka 1976 meya wao Frank Rizzo akaomba serikali kuu imletee askari 15,000 akihofia maandamano, akanyimwa, ila maneno yalishasambaa na watu wakaogopa kuja. Kwa hiyo hata namna mtakavyoutangaza ulinzi ni sehemu ya maandalizi.

Mnara wa Eiffel nao ulijengwa kwa maonyesho ya 1889, miaka 100 ya Mapinduzi ya Ufaransa, kibali kilikuwa cha miaka 20 tu, ukaponea kwa sababu ulifaa kuwekwa antena. Waulize wenzako huo mnara wenu utafanya kazi gani siku ya pili yake. Wakikosa jibu, bora maktaba, au miti ya kivuli barabara nzima.

MamaWawili:
Samahani nitaongea kwa uchungu kidogo. Mwanangu alichukuliwa kwenye gwaride la watoto, walipangwa juani tangu saa 12 asubuhi, mgeni rasmi kafika saa 5, mtoto akaanguka na hakuna aliyekuwa na maji jirani, na turubai lote lilikuwa juu ya viti vya wakubwa. MwanaKamati nakuomba hili uliandike kabisa kwenye ratiba, watoto wawe wa kwanza kwenye kivuli na maji, na muda wa kusimama uwe na kikomo hata kama mgeni amechelewa.

Na muulizane nani hiyo siku haimfurahishi. Sydney Januari 26 1988, walipokuwa wanasherehekea miaka 200 tangu meli za Waingereza zifike, maelfu ya wenyeji wa asili na waliowaunga mkono waliandamana, maana kwao ile ilikuwa siku ya kunyang'anywa ardhi. Waiteni watu wa namna hiyo mapema, wapeni nafasi ya kusimulia, sio kuwapa kiti tu.

Mimi naunga mkono mitaa. Mzee wa miaka 80 hawezi kwenda uwanjani ila anaweza kukaa mlangoni kwake akawasimulia watoto alichokiona.

MwanaKamati:
Asanteni sana, nimechapisha yote napeleka kikao cha Alhamisi. Fundi, nikipunguza tukio la uwanjani liwe la masaa matatu tu na theluthi moja ya bajeti iende mitaani, unaonaje? Na mvua ikinyesha?

FundiJukwaa:
Saa tatu zinatosha. Mitaa muwape hela mapema, sio wiki moja kabla, na kila mtaa uwe na mtu mmoja anayejulikana wa kujibu matumizi. Mvua amueni leo nani ana mamlaka ya kuahirisha, jina moja, na mwisho wa kuamua uwe saa 4 asubuhi ya siku yenyewe, maana mkisubiri mpaka saa 10 jioni watu wameshatoka majumbani. Jukwaa upepo ukizidi kiwango alichoandika mtengenezaji linashushwa, hata kama msanii yuko katikati ya wimbo. Hilo nalo liwe kwenye mkataba wake.