Tupeane uzoefu: waliotembea Usambara kwa miguu

Mwanzisha uzi

Habari za jioni wadau. Uzi huu ni wa waliotembea milima ya Usambara, mkoani Tanga, kwa miguu, wakalala huko na kula huko. Picha za Irente tumeziona za kutosha: mtu kasimama juu ya mwamba, nyuma yake tambarare hadi macho yanachoka. Wengi wanapanda kutoka Mombo asubuhi, wanapiga picha hiyo, jioni wameshashuka. Kwa maoni yangu huyo kaona Mazinde tu, kule tambarare chini ya mwamba, Usambara bado. Milima ile ni mashamba na vijiji vya watu, na mtu asiyepita katikati yake taratibu hawezi kuijua.

Nifungue pazia mimi. Mombo unashuka kwenye basi jua linawaka, unaingia Noah au kosta ya Lushoto, kilomita 33 za lami inayojikunja ukutani mwa mlima. Ukifika Soni, maporomoko unayaona kutoka barabarani, na madirisha yote yameshafungwa kwa baridi. Nilifika Lushoto Alhamisi, siku ya soko (siku nyingine kubwa ni Jumapili), nikakuta plamsi, pichi, pea, karoti na kabichi zimepangwa mafungu mafungu chini ya miavuli. Nunueni hapo matunda ya njiani. Mjini Dar plamsi hizo hizo zinafika zimechoka.

Irente niliiendea kwa miguu kupitia kijiji cha Yoghoi, kama kilomita tano. Njia inapita katikati ya migomba na maharage, watoto wanakusalimia kutoka kila uwanja. Kabla ya kufika mwambani pana shamba la Irente, wanauza jibini, jamu na mkate mweusi waliouoka wenyewe. Nilikula hapo, ndipo nikaenda mwambani. Chini yako ni karibu mita elfu moja hadi Mazinde: mkonge umepandwa kwa mistari, na malori ya barabara ya Arusha yanaonekana kama siafu.

Kesho yake nikaanza safari ya Lukozi, Rangwi na Mtae nikiwa na mwongozaji. Rangwi tulilala kwenye nyumba ya wageni ya masista: maji ya moto ya ndoo, chakula cha kutosha, na utulivu ambao sijaupata kwingine. Kwa anayeuliza aanzie wapi, nasema aanzie hapo.

Karibuni, kila mmoja na yake.

Kijana wa Mtae

Ahsante sana mkuu kwa kutukumbuka. Mimi ni mzaliwa wa huko juu kabisa. Kijiji chetu kimekaa juu ya ukingo wa mlima, upande mmoja unaona mabonde ya Usambara, upande wa pili ardhi inakatika ghafla na kuteremka hadi nyika ya Mkomazi. Asubuhi isiyo na ukungu Kilimanjaro inaonekana. Ila msiahidiwe na mtu, ukungu wa kwetu una ratiba yake. Anayelala siku moja anaweza asione kitu, anayelala mbili tatu ana nafasi nzuri.

Mambo mawili kutoka kwa mwenyeji. La kwanza, njia zetu ni vichochoro vya mashamba. Ukipishana na mama kabeba kuni au mzigo wa viazi, wewe ndiye wa kusogea pembeni, na usisogee kwa kukanyaga tuta la mtu. La pili, salimia. Mzee akikaa barazani, shikamoo kwanza, swali la njia baadaye. Ukijua na "onga maundo" ya asubuhi utakaribishwa chai.

Usafiri: mabasi ya kushuka yanaondoka usiku wa manane kuelekea alfajiri, kabla hata ya adhana. Ukiamka saa moja ukauliza basi, utacheka na wenyeji hadi kesho yake.

Mama Wawili

Nilienda na watoto likizo ya mwezi wa sita, nitasema yale ambayo vijana hawasemi. Baridi ni ya kweli. Sweta moja haitoshi, leteni na soksi za kulalia. Zile kona za kutoka Mombo zinatapisha, msiwalishe watoto chipsi na mayai pale stendi kisha mkawapakia.

Tuliacha safari ndefu, tukachagua msitu wa Magamba, uko jirani na mji wa Lushoto. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS (wakala wa misitu wa serikali), unalipia kiingilio kwa namba ya malipo ya serikali, halafu mnaingia na mwongozaji. Watoto waliwaona mbega, wale weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani, wanaruka kutoka mti hadi mti juu ya vichwa vyetu. Kinyonga mwenye pembe mbili puani tulionyeshwa na kijana aliyetuongoza. Mimi ningepita pale mara mia nisimwone. Wangu mdogo aliuliza maswali njia nzima na yule kijana alijibu yote, hata jina la kila jani. Wazazi mnaodhani milima ni ya wazungu wenye mabegi makubwa, pelekeni watoto.

Mpita Njia

Wakuu mimi naona hayo ya mwongozaji ni kuongezeana gharama. Nchi yetu, lugha yetu, kwa nini nilipe mtu anionyeshe njia?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hoja yako naielewa, kwenda Irente tu unaweza kuuliza njia ukafika. Ila ukitoka Lushoto hadi Mtae vichochoro vinagawanyika kila baada ya hatua chache, ukungu ukishuka huoni mbele, na ndani ya hifadhi mwongozaji ni lazima. Na liko jambo ninalolipa uzito zaidi: fedha hiyo ni njia ya mlima kumlipa mwenye mlima. Kijana anayepata riziki kwa kuwaonyesha watu mbega ana sababu ya kukataa msumeno wa usiku wa wakata miti. Pataneni bei mapema, muulize kama chakula, kulala na kiingilio vimo ndani, na chukueni anayetoka kwenye ofisi inayojulikana, si anayewakamata mkono stendi.

Mwalimu Mstaafu

Nimefurahi kuwasoma, vijana wangu. Nami nichangie Vuga, maana wageni wengi wanaipita pale Soni bila kujua. Huko ndiko yalikuwa makao ya Wakilindi, watawala wa Usambara. Wazee wanasimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka nchi ya Nguu, akawaua nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mashamba, akagawa nyama kwa watu, na watu wakamfanya mtawala wao. Mmoja wa uzao huo, Kimweri ye Nyumbai, alitawala hadi alipofariki mwaka 1862, na amri yake ilifika hadi pwani.

Nilipoipanda Vuga nilikaa na mzee mmoja barazani kwake, akanisimulia kwa Kishambaa na mwanawe akitafsiri. Tulikunywa chai, jua likazama tukiwa bado kwa Mbegha. Magofu makubwa hutayakuta, makao yale yalikuwa ya miti na majani. Nendeni kwa ajili ya wazee na masimulizi, na nendeni mapema, maana wanaojua wanapungua.

Dereva wa Mombo

Masika msije. Machi hadi Mei udongo unaporomoka barabarani, na ile ya vumbi kwenda Mlalo na Mtae inakuwa utelezi mtupu. Juni hadi Septemba ni baridi ila ni pakavu.

Binti wa Muheza

Mmeisahau Usambara Mashariki! Njooni hifadhi ya msitu ya Amani. Kutoka Muheza unaingia geti la Sigi, ilipokuwa stesheni ya reli ya Wajerumani, nyumba ya mkuu wa stesheni bado ipo. Kutoka hapo hadi Amani ni kilomita tisa za kupanda msituni, na mimi nasema tembeeni. Kuna unyevu, kuna joto kuliko Lushoto, na kelele za hondohondo zinawafuata njia nzima.

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902, na bustani yao ya miti kutoka pande zote za dunia bado imesimama. Hifadhi yenyewe ilitangazwa 1997. Lile ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya asili yake ni misitu yetu hii ya Tanga. Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao mwaka 1892. Mimi nililiona limeota lenyewe kwenye jiwe lenye kivuli karibu na maji, nikapiga magoti kulitazama. Tafadhali msiling'oe.

Mama Wawili

Binti, watoto wa miaka saba na kumi wataziweza hizo kilomita tisa? Na kulala ni wapi?

Binti wa Muheza

Dada, wa kumi ataweza, wa saba atachoka katikati. Pandeni na gari hadi Amani, mlale nyumba za wageni za hifadhi (pigeni simu mapema, vyumba ni vichache), kisha kesho yake mshuke Sigi kwa miguu. Kushuka ni rahisi kwao na vijito vya kuchezea ni vingi. Viatu viwe vya kushika, na beba chumvi kidogo kwa ajili ya ruba kama mvua imenyesha.