Kufundisha ndondi chuoni hapa Malindi, kuna maisha?

MtotoWaMaweni: Asalaam aleikum wanajamvi. Kuna chuo kimoja huku Malindi kimenifuata nikafundishe ndondi. Wanafunzi wana hamu, mkuu wa chuo amekubali tutumie ukumbi jioni, ila mshahara bado ni maneno tu. Nilicheza uzani wa bantamu nilipokuwa Mombasa. Sasa nina mke na mtoto, na bodaboda ndiyo inayotulisha. Nimesoma habari za John Walsh wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani: alishika timu tangu miaka ya 1930 hadi 1958, akachukua ubingwa wa vyuo mara nane. Hii kazi inalisha mtu ama najidanganya?

Bajuni_Mkavu: Uliza kwanza nani ananunua glavu. Ukiambiwa "tutaona", washa pikipiki uende zako.

KochaWaZamani: Wa aleikum salaam mwanangu. Huyo Walsh nampenda, lakini habari zake hukuzimaliza. Alikuwa wakili. Vijana wake walikuwa wakitazamwa na watu zaidi ya 10,000 usiku mmoja, na bado sheria hakuiacha.

Mtazame na Julie Menendez wa chuo cha San Jose State, hukohuko Marekani. Ubingwa wa vyuo 1958, 1959, 1960, na mwaka huohuo wa 1960 akaiongoza timu ya ndondi ya Marekani kwenye Olimpiki ya Roma, Cassius Clay, yaani Muhammad Ali, akarudi na dhahabu. Naye alikuwa akifundisha soka chuoni palepale. Na afadhali alikuwa nayo, kwa sababu kwenye michuano ile ya Aprili 1960, iliyochezwa Madison nyumbani kwa Wisconsin, bondia Charlie Mohr wa Wisconsin alipigwa na kijana wa San Jose raundi ya pili ya fainali hadi pambano likasimamishwa. Usiku huo akapoteza fahamu, na baada ya siku nane akafariki. Kofia ya kujikinga alikuwa ameivaa, kwa hivyo msije hapa kuniambia habari za kofia. Wisconsin ikaifuta ndondi, na ubingwa huo wa vyuo haukuchezwa tena. Menendez akabaki na soka yake miaka na miaka.

Ndiyo maana nakwambia: usikubali kuandikwa kocha wa ndondi. Omba uandikwe mwalimu wa michezo, ndondi iwe ndani yake. Siku wakubwa wakiogopa, wewe bado una kazi.

Kuhusu wanafunzi wenyewe, hao si vijana wa klabu. Wengi hawajapigwa hata kofi tangu shule ya msingi, na kila mmoja anataka begi la kupiga ngumi siku ya kwanza. Mimi glavu nawanyima. Nawafunga kamba ya katani, kifundo cha mguu huu kwa kifundo cha mguu ule, watembee mbele na nyuma, kushoto na kulia. Anayepishanisha miguu anaanguka mwenyewe, sina haja ya kumfokea. Wakishazoea ndipo bendeji: kitanzi kwenye dole gumba, zungusha kifundo cha mkono, kisha juu kwenye konzi, vidole vikiwa vimetanuliwa. Ukimfunga vidole vimebanana, akikunja ngumi damu haipiti, punde anakwambia mkono umekufa ganzi. Mbio wapeleke ufuoni maji yakitoka, kwenye mchanga mgumu. Ramadhani hamishieni mazoezi baada ya tarawehe.

UmmuSalma: Kocha, shikamoo. Wangu wa pili anataka kujiunga. Akipigwa kichwani je?

KochaWaZamani: Marahaba Bi Ummu. Akiyumba tu, siku hiyo basi, na hospitali aende hata akisema yuko sawa. Vijana wote husema wako sawa. Akiangushwa kwa nokauti, kanuni za ndondi za ridhaa zinamweka nje siku 30 kwa uchache, na mimi humwongezea. Kocha akimrudisha kabla, mtoe mwanao.

Bajuni_Mkavu: Na glavu?

MtotoWaMaweni: Glavu jozi sita, wameniandikia kwa barua! Kocha, nimemwambia mkuu maneno yako. Kumbe voliboli ya wasichana haina mwalimu tangu muhula uliopita, amenipa na hiyo. Mkataba wa mwaka mmoja, pikipiki nitaendesha asubuhi. Sasa hiyo kamba ya katani naikata urefu gani?

KochaWaZamani: Simama kama unavyosimama ulingoni, pima kifundo kwa kifundo, ongeza shubiri moja. Na uilowanishe kwanza, kavu itawachubua.