Kijana anataka kuacha kazi aingie gofu ya kulipwa, hizi pesa za akina Jon Rahm ni za kweli?

Khalati_Muyeye

Assalaam aleikum jamani. Naomba mnisaidie nyinyi mnaojua mambo ya gofu manake hapa nyumbani hakukaliki. Mtoto wa marehemu dada yangu namlea mimi, ana miaka 21, tangu amalize fom foo amekuwa akibeba mikoba kwenye uwanja wa gofu hapa Malindi na jioni wakimruhusu anapiga mipira kidogo, nasikia ana mkono mzuri mpaka wale wazee wa Kitaliano wanamsifu. Mwezi uliopita nikamtafutia kazi hotelini, kazi ya risepsheni, kuna mshahara, kuna NSSF, basi nikasema alhamdulillahi. Juzi akaja akaniambia khalati mimi naacha, naingia pro. Nikamuuliza pro ndo nini, akatoa simu akanionyesha huyo Jon Rahm amepewa zaidi ya dola milioni 300 na Saudia kabla hata hajapiga mpira, na ati hata ukimaliza wa mwisho unalipwa. Mimi nikacheka, yeye hacheki!! Sasa hizi pesa ni za kweli ama ni maneno ya mitandao? Na mtoto wa huku anaweza kufika huko ama nimkatalie mapema? Msinicheke jamani, mimi hata mashimo sijui ni mangapi.

KediMstaafu

Waaleikum salaam dada yangu, pole na shughuli ya kulea. Mimi nimebeba mikoba huku pwani miaka, Nyali, Vipingo, mpaka hapo Malindi, saa hii nina duka langu, kwa hivo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mashimo ni 18 😀

Pesa ni za kweli. Hiyo ya Rahm wenyewe hawakutangaza lakini Desemba 2023 magazeti karibu yote yaliandika ni zaidi ya milioni 300, na hakuokotwa njiani yule, Aprili ya mwaka huohuo alikuwa ameshinda Masters na 2021 alishinda US Open, yote ni mashindano makubwa kabisa ya gofu. Na hilo la wa mwisho kulipwa pia ni kweli, shindano la kwanza la LIV, hiyo ligi ya Saudia, Juni 2022 karibu na London walicheza watu 48, siku tatu, hakuna mchujo, Charl Schwartzel wa Afrika Kusini akaondoka na dola milioni 4.75 ukijumlisha na ya timu, na aliyeshika mkia, mipigo 24 juu ya kiwango, akapewa 120,000. Dola, si shilingi. Lakini muulize kijana wako hao 48 waliingiaje. Wengi waliitwa kwa majina yao, na hizo nafasi chache za kugombania zinagombaniwa na watu ambao tayari wanakula gofu, wanalala gofu.

Sasa kile ambacho hakukuonyesha kwenye simu ndo hiki. Gofu ya kulipwa ya kawaida hakuna mtu amekuajiri, wewe ndo bosi na wewe ndo mfanyakazi, nauli yako, hoteli yako, chakula chako, kedi wako, yaani mbeba mkoba, unamlipa wewe, ada ya kuingia shindano unalipa wewe, unacheza Alhamisi na Ijumaa alafu wanachuja wanabakisha kama 65 na waliofungana nao, wengine wote wanakusanya fimbo wanarudi nyumbani bila hata senti. Chukua Kenya Open. Mwaka 2025 zawadi yote ilikuwa dola milioni 2.5, mshindi akachukua 425,000, hiyo ni zaidi ya milioni 50 za Kenya. Tamu eeh? Lakini tangu shindano lianze 1967 hakuna Mkenya amewahi kulichukua. Aliyekaribia sana ni Jacob Okello 1998, alifungana na Muargentina wakaenda mchezo wa nyongeza akashindwa hapo. Vijana wetu wengi wanatolewa Ijumaa jioni na si kwamba hawajui kucheza, ni kwamba yule Mzungu anacheza mashindano ishirini na kitu kwa mwaka, wetu shindano la kiwango kile anaingia mara moja kwa mwaka, na shinikizo lote lile liko juu ya kichwa chake.

Mkomani_Barazani

Khalati shikamoo. Sisi huku Lamu uwanja wa gofu hatuna, na tungeuweka punda wangemaliza nyasi kabla watu hawajapiga mpira wa kwanza 😂 lakini pale Mkunguni kuna wazee wanajua habari za LIV kuliko habari za kaunti.

Mimi ntakufahamisha kwa mashua. Wakati wa Maulidi mbio za mashua zina wenyewe, zina heshima yake ya toka mababu, nahodha anashindania jina kuliko hata pesa. Haya, aje tajiri mgeni awaite manahodha wakubwa mmojammoja, mwambie shika hizi kabla tanga halijapandishwa, mbio zangu ni fupi na atakaefika mwisho nae ana chake. Nani atakataa wallahi? Wenye mbio za zamani wakanuna, ndo PGA Tour, wenye mashindano ya zamani ya Marekani, walivofanya, Juni 9 2022 watu wanapiga mpira wa kwanza wa LIV na barua ya kuwasimamisha ikatoka palepale.

Lakini angalia kilichofuata manake hapa ndo utamu. Wenye mbio za zamani walipoona manahodha wanakwisha wakaanza kumwaga pesa na wao. Lile shindano lao kubwa la The Players zawadi ilikuwa dola milioni 15 mwaka 2021, kufika 2023 ni milioni 25. Kwa hivo hata aliyekataa pesa za Saudia amelipwa kwa sababu ya pesa za Saudia. Mimi nawaonaga hawa waliobaki wakitoa hotuba za uaminifu nacheka peke yangu.

BintiShella

Mimi naomba niseme kitu ambacho wanaume hapa mnakiruka. Sote tuna mtu aliyekwenda Saudia kufanya kazi za nyumba, ama dada ama jirani ama rafiki, na tunajua wengine wamerudi vipi, pasi ya kusafiria imefungiwa kabatini na mwajiri, mshahara haulipwi, hiyo kafala yao ilikuwa mtu hawezi kuhama kazi bila ruhusa ya tajiri. Alafu nchi hiyohiyo inampa mtu mmoja milioni 300 apige mpira Jeddah na Riyadh watu wapige makofi. Ule mfuko wa serikali yao unaolipia LIV, PIF, ndo huohuo ulionunua timu ya Newcastle 2021, na mpira na gofu na ndondi zote kazi yake ni moja, ukisikia Saudia ukumbuke michezo usikumbuke mambo mengine. Marekani familia za waliokufa Septemba 11 waliandamana nje ya viwanja. Sisi huku tunashangilia tu kwa sababu ni pesa nyingi?

Mtu_wa_Barani

BintiShella uko sawa ila usiishie Saudia tu. Hiyo Kenya Open yetu iko chini ya DP World Tour, zamani ikiitwa European Tour, jina lilibadilika msimu wa 2022 baada ya DP World ya Dubai kuweka pesa, haohao wa bandari waliofanya Watanzania wakapigiana kelele 2023. Kwa hivo ukikaa Muthaiga ama Karen unamshangilia Mkenya, bango liko mbele yako ni la Ghuba pia. Gofu ya juu siku hizi ukitoa pesa za Ghuba na pesa za mabenki unabaki na nyasi.

Na hii ya kusema LIV ni wasaliti naona kidogo ni unafiki. PGA Tour yenyewe ilizaliwa kwa kuasi! 1968 wachezaji wakubwa, akina Jack Nicklaus na Arnold Palmer, waligombana na chama cha PGA ya Marekani, chama ambacho wanachama wake wengi walikuwa walimu wa klabu, ugomvi ni pesa za televisheni na nani ashike usukani, wakatoka, mwisho wa mwaka wakapatana wakapewa kitengo chao wenyewe. Hiyo ndo PGA Tour ya leo. Miaka 54 baadae wanalia kwamba wameasiwa, na LIV maana yake ni 54 kwa nambari za Kirumi, yaani walianza na mashimo 54 badala ya 72. Mtu akitunga hivi mtasema anaongeza chumvi.

Alafu Juni 6 2023 Jay Monahan bosi wa PGA Tour, baada ya mwaka mzima wa kuwaambia wachezaji wakatae hizo pesa, akatokea kwenye televisheni amekaa bega kwa bega na Yasir Al-Rumayyan mkubwa wa PIF wanasema wamekubaliana kuunganisha biashara zao. Wachezaji wengi walisoma kwa simu kama mimi na wewe. Tarehe waliyojiwekea ikapita mkataba wenyewe haujatimia, PGA Tour wakapata matajiri wa Kimarekani Januari 2024 wakaweka dola bilioni 1.5.

Papa_Silversand

Gofu ni matembezi ya wenye pesa na fimbo mkononi. Aende hotelini.

KediMstaafu

Papa nenda ukapige mpira upepo wa kusi unavuma alafu urudi useme ni matembezi 😂

Dada nirudi kwako manake hawa wamenoga na siasa. Kuna kitu kimoja kijana lazima akijue kabla hajajiita pro. Mchezaji wa ridhaa ana haki zake, anacheza yale mashindano ya klabu ya wikendi, anaweza kuchukua zawadi mpaka thamani ya dola 1,000 na bado ni wa ridhaa. Siku akijitangaza wa kulipwa hiyo yote imekwisha, hayo ya Jumamosi hawanii tena, sasa anashindana na watu wanaokula kwa gofu. Na kurudi ridhaa si kama kurudi nyumbani, unaandika maombi, unasubiri. Nimewaona vijana wazuri sana wamejiita pro mapema, shindano la kwanza wamechujwa, la pili hawana nauli, mwaka unaisha hawachezi popote, hawako huku wala kule. Kujiita pro ni rahisi mno, hapo ndo mtego ulipo.

Njia ipo lakini. Hapa Kenya Safari Tour ilianzishwa makusudi kuwaandaa wachezaji wetu kwa Kenya Open, na Vipingo ilikuwemo, si mbali na nyinyi. Vipingo hapohapo wamecheza mpaka wanawake wa ziara ya Ulaya, Esther Henseleit wa Ujerumani ameshinda 2019 na 2022, Aditi Ashok wa India 2023, Shannon Tan wa Singapore 2024. Kijana akasimame kando ya kamba aangalie, bora zaidi abebe mkoba, atajifunza kuliko video za simu. Na kama anataka pesa za gofu bila kupiga, kedi wa mchezaji mkubwa kwa desturi anapata kama asilimia 10 mchezaji wake akishinda. Huku kwetu siku haina wageni kedi anarudi na njaa yake, hilo analijua.

Kazi ya hoteli aishike. Aombe zamu za jioni ama usiku, asubuhi yuko uwanjani, klabu nyingi Jumatatu huwaachia makedi wacheze.

BintiShella

Hapo kwa kazi nakubaliana na wewe mzee. Hoteli wakati wa msimu lakini hawakuulizi unataka zamu gani.

Mkomani_Barazani

Khalati usimkatalie moja kwa moja, ukimkataza atatoroka aende Nairobi akalale kwa rafiki na fimbo mbili za kuazima. Muulize tu handikapu yake ni ngapi, yaani ile mipigo anayozidisha juu ya kiwango cha uwanja, ukishapata hiyo nambari tutakwambia yote.

Khalati_Muyeye

Jamani ahsanteni sana nimesoma yote, ya Saudia yamenigusa manake mdogo wangu mwenyewe alikwenda Dammam. Nimemuuliza handikapu, amejibu kwa maringo, ati 6. Hiyo ni nzuri ama mbaya?

KediMstaafu

Kwa kijana wa kujifundisha mwenyewe na fimbo za kuazima, 6 ni nzuri sana, mpe hongera. Kwa pro bado, hao wanaanzia sifuri kushuka chini yake, na hiyo mipigo sita ya mwisho ndo inakula miaka. Mwambie abaki ridhaa, aishushe mpaka 2 kwa kadi zilizosainiwa si kwa maneno, alafu aje dukani kwangu Mtwapa tuongee. Nina seti ya zamani ya fimbo, sitamuuzia, nitamwazima.

Khalati_Muyeye

Nimemsomea. Ameuliza hizo fimbo ni za mkono wa kushoto ama wa kulia.