Nafasi ya "kujenga uzoefu wa utafiti" inadai uwe na uzoefu wa utafiti: huu si mzaha?

Wakuu, heshima kwenu.

Niko mwaka wa tatu, shahada ya kwanza ya kemia, na ninaandika nikiwa na hasira ambayo nimejaribu kuituliza kwa siku mbili bila mafanikio. Nimenyimwa nafasi ya kufanya utafiti wakati wa likizo katika maabara ya idara yetu wenyewe, na sababu niliyopewa kwa maandishi ni kwamba sina uzoefu wa utafiti. Tangazo lenyewe lilisema nafasi hizo ni za kuwajengea wanafunzi uzoefu wa utafiti. Niliusoma ujumbe ule mara nne nikidhani kuna neno nililoruka.

Mtu ataniuliza miaka yote hii nilikuwa nafanya nini maabara. Nilikuwa nafanya mazoezi ambayo jibu lake linajulikana kabla hatujavaa makoti. Ninaweza kudondosha alkali kutoka kwenye bureti tone kwa tone mpaka fenolftaleini, ile kemikali ya kuonyesha rangi, igeuke waridi hafifu na kubaki hivyo, tena karibu nikiwa nasinzia, lakini sijawahi hata siku moja kupewa swali ambalo anayeniuliza mwenyewe halijui jibu lake. Utafiti unaanzia pale mmenyuko unapogoma, unapopata asilimia 12 ya zao wakati ulitarajia 80, ukalazimika kukaa na spektra ya NMR, yaani mchoro wa vilele unaosaidia kutambua molekuli, uamue kama kile kilele cha ziada ni kiyeyushi kilichobaki, ni uchafu, au ni kitu ambacho hukukitegemea. Hayo huyapati katika mwongozo wenye nafasi za kujaza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwaka jana niliwahi kuingia. Cheo changu kilikuwa "msaidizi wa utafiti wa kujitolea", maana yake bila posho, na kwa wiki sita niliosha vyombo: maji, sabuni, maji tena, asetoni, kisha kwenye oveni. Siku moja nilikuta chupa yenye tope jeusi lililogandamana chini, nikamuuliza mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa jirani ni mmenyuko gani ulioacha kitu kile. Akanijibu bila kugeuka, "Hayo mambo ya paladiamu, hutayaelewa." Paladiamu ni metali inayotumika kuharakisha mimenyuko; zaidi ya hapo sikuambiwa. Nikaendelea kusugua. Safari hii nilipoziandika wiki zile sita kwenye wasifu wangu, jopo likasema kuosha vyombo si utafiti. Ni kweli kabisa, na ndicho nilichokuwa nikilalamikia tangu wakati ule!

Wahadhiri hawa hawa ndio wanaotusimulia kila mwaka habari za mkemia Mwingereza William Henry Perkin. Mwaka 1856, akiwa na miaka 18 na yuko likizo, Perkin alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, katika maabara yake ndogo ya nyumbani London, akaambulia tope jeusi, na alipoliyeyusha kwa alkoholi akaona rangi ya zambarau iliyokuja kuanzisha biashara ya rangi za viwandani. Lakini hawasemi kwamba mwalimu wake, Hofmann, alikuwa amekwisha kumfanya msaidizi wake na ndiye aliyempa wazo la kwinini. Perkin naye alikutana na tope chini ya chupa, ila yeye alijua anatafuta nini.

Mkilalamika mnaambiwa mwombe nje. Mpango wa REU wa Marekani, wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, unalipa posho, lakini ni wa raia na wakaazi wa kudumu wa nchi hiyo; ule wa RISE wa Ujerumani, wa aina hiyo hiyo, ni wa wanaosoma Amerika Kaskazini, Uingereza na Ayalandi. Sina ugomvi nao, fedha ni zao na masharti wameyaandika wazi. Ugomvi wangu ni na idara inayotangaza nafasi za wanaoanza kisha ikawapa wale ambao tayari majina yao yamo kwenye makala, wengi wao wakiwa watu wanaoweza kukaa wiki kumi bila kuhitaji kibarua.

Nimemwandikia mkuu wa idara nikimtaka aeleze vigezo vilivyotumika, na kwamba kila anayepokelewa, hata wa kujitolea, apewe swali lake mwenyewe hata likiwa dogo kiasi gani, pamoja na mtu wa kumsomea daftari lake kila wiki. Majibu yakija nitayaweka hapa yalivyo. Wakati nikisubiri, aliyewahi kupokelewa akiwa hana chochote kwenye wasifu wake naomba aeleze alimwendea nani, na barua yake aliianzaje.