Tupeane uzoefu: filamu za vituko vya kuanguka na kugongana, siri ya kicheko iko wapi?

Mwenyeji wa Kuze
Salamu wapwani. Filamu ya mtu anayeteleza, anayegongwa na ngazi na kuangukia karai la maji bado inakusanya nyumba nzima hapa Mombasa: nyanya, wajukuu, hata jirani aliyekuja mara moja kuomba chumvi. Haina matusi ya kumtoa mzee sebuleni, wala haihitaji mtu ajue lugha yoyote. Ila vijana wengi wanaorekodi vituko kwa simu huanguka vizuri tu na hakuna anayecheka. Mnaoijua kazi hii, tupeane: hatua, vipimo, na panapoharibika. Naanza mimi.

Kosa kubwa ni kumficha mtazamaji kinachokuja. Onyesha ganda la ndizi kwanza. Kisha mlete jamaa na trei ya mayai, anatembea kwa maringo, anasalimia watu huku hatazami chini. Mtazamaji ameshajua, mwenye trei hajui. Kicheko kinaanzia hapo, kabla mguu haujateleza. Ukitaka kiongezeke, mvushe salama kwenye ganda, ageuke kulitazama kwa ushindi, halafu aingie mtaroni. Na chagua sana nani wa kuanguka. Mwenye kujitapa akianguka watu wanafurahi. Mzee mnyonge akianguka watu wanahurumia.

Jambo la pili ni kuinuka. Ndani ya sekunde mbili tatu aliyeanguka afanye kitu: atafute kofia yake, apanguse kanzu, ajifanye alikuwa anafunga kamba za viatu. Akilala kimya, watu wanaanza kuuliza "ameumia?" na kicheko kimekufa. Filamu hizi zinapendwa kwa sababu mwili unapata misukosuko yote na bado unasimama.

Fundi wa Kisauni
Umenena, kaka. Mimi niseme kuanguka kwenyewe, maana hapa ndipo watu wanapovunjika viganja.

Kujikwaa: ukitembea, ncha ya mguu wa nyuma iguse kisigino cha mguu wa mbele. Mwili unayumba wenyewe, huhitaji kitu cha kukukwaza. Kuanguka nyuma: chuchumaa kwanza kadiri uwezavyo, kidevu kifuani, toa pumzi, kaa kwa tako moja, kisha bingirika kuelekea bega. Usinyooshe mikono nyuma kujizuia. Uzito wote utaishia kwenye kiganja. Badala yake vitanga vipige chini kwa pembeni, na hilo pia linakupa sauti nzuri. Fanya polepole juu ya godoro kwanza, halafu nusu mwendo, halafu mwendo kamili. Sakafu ya saruji haina msamaha, na mchanga mbichi wa pwani unadanganya: maji yakishakupwa unakuwa mgumu. Lima mchanga mkavu, ulainike kina cha kama sentimita 30, uokote vigae na makombe.

Kamera ikae usawa wa kiuno, ionyeshe kuanzia utosini hadi viatuni, isitikisike. Usikate picha katikati ya mwanguko. Ukikata, mtazamaji anahisi ametapeliwa. Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu bila sauti, mwaka 1928, kwenye filamu ya Steamboat Bill, Jr., alisimama ukuta mzima wa mbele wa nyumba ukimwangukia, akapita kwenye tundu la dirisha kwa nafasi ya inchi chache tu kila upande. Tunashangaa mpaka leo kwa sababu tunaona kila kitu kwa mpigo mmoja. Huo si wa kuiga nyumbani, lakini somo la kamera ni lile lile.

Kofi: kamera nyuma ya bega la mpigaji. Mkono upite sentimita 20 hivi mbele ya uso. Kwa upande huo pengo halionekani. Mpigwaji ageuze kichwa mkono unapopita, na yeye mwenyewe ndiye apige kofi la viganja vyake kifuani, mahali kamera haioni. Ukibandika sauti baadaye, iangukie fremu (picha moja katika mfululizo wa video) ile ile ya mguso. Ikichelewa fremu tatu au nne, jicho linajua.

Dada wa Tudor
Kuhusu kasi. Enzi za filamu bila sauti kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono. Mpiga picha akizungusha polepole, sema fremu 18 kwa sekunde, na filamu ikaonyeshwa kwa 24, watu wanaonekana wepesi kama panzi. Kwenye simu rekodi kawaida kwa fremu 25, kisha ongeza kasi hadi asilimia 115 au 120 kwenye kipande cha mbio tu. Zaidi ya hapo maji yanayomwagika, kanga inayopepea na tuktuk inayopita nyuma vitakuumbua. Sauti iondoe kabisa, uweke nyingine.

Vichochoro vya Mji wa Kale ni vizuri kwa mbio kwa sababu kuta ndefu zinatoa kivuli asubuhi, na kila kona ni nafasi ya mtu kutokeza. Barabara ya Mama Ngina inapendeza, lakini kusi likivuma maikrofoni haisikii kingine. Vika sponji, au kubali sauti yote iwekwe baadaye.

Na mkokoteni wa mitungi ya maji, jamani! Kila mtu anautaka, na kila mtu anatumia mitungi mitupu ya lita 20. Mitungi mitupu inarukaruka na inaonekana ni mitupu. Tia lita tatu kila mmoja ili idondoke kwa uzito, na magurudumu yazuiwe kwa mawe mpaka mkurugenzi aseme.

Jiko la Likoni
Chupa ya kumpasulia mtu kichwani haiwi ya kioo, hata kama nyembamba. Hutengenezwa kwa sukari. Sukari vikombe viwili, maji kikombe kimoja, sharubati ya glukosi nusu kikombe, matone machache ya ndimu. Chemsha bila kukoroga hadi nyuzi 150 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, dondosha tone kwenye maji baridi: likikatika kwa mlio, tayari, likipinda, bado. Ikipita 160 inageuka hudhurungi. Mimina kwenye kalibu iliyopakwa mafuta. Watoto wawe mbali, maana sukari ya moto huo inang'ang'ania ngozi.

Shida yetu ni hewa ya pwani. Sukari inavuta unyevu, na chupa ya asubuhi jioni inanata. Itengeneze siku ile ile, ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko mkazo. Vipande vyake vinakata pia, kwa hivyo mpigwaji avae wigi au kofia nene, afumbe macho, na chupa itue juu ya kichwa, kamwe si usoni.

Keki ya usoni: krimu inayeyuka kwa joto letu, na povu la kunyolea linawasha macho. Kastadi nzito iliyopozwa kwenye friji inashika vizuri. Usiirushe. Ibebe kwa kiganja kilicho wazi, isukume, ikome inapogusa mashavu, pua isipate kishindo.

Mwenyeji wa Kuze
Shukrani, Jiko. Hapo kwenye vifaa niongeze: baruti na fataki ziondoeni kabisa. Harold Lloyd, mchekeshaji mwingine wa filamu bila sauti, mwaka 1919 alishika bomu lililodhaniwa la kuigizia likamlipukia, akapoteza kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Kwenye filamu yake ya 1923, Safety Last!, anaponing'inia kwenye saa ya jengo, mkono huo umevaa glavu ya kuficha.

Dada wa Tudor
La mwisho kwangu, kwa wanaotaka kuonyesha hadharani. Filamu ipitie kwanza Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya. Daraja la GE ndilo la kila umri. Wakati wa kuhariri acheni sekunde mbili za ukimya baada ya kila kituko kikubwa, la sivyo kicheko cha ukumbi kinafunika kituko kinachofuata. Na viti visogezwe karibu karibu.