Mfumo mpya umewashwa, lakini daftari la zamani halijafungwa: nilikusanye au niliache?

Meneja wa Tukuyu ameuliza:

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Ninaomba ushauri kwa wale waliokwisha kupita njia hii.

Mimi ni meneja wa chama cha akiba na mikopo wilayani Rungwe. Tupo watumishi tisa, na wanachama wetu wengi ni wakulima wa chai, ndizi na parachichi, pamoja na walimu kadhaa. Kwa miaka yote hesabu zetu zilikaa kwenye leja za karatasi na vitabu vya wanachama, hadi bodi, kwa idhini ya mkutano mkuu, iliponunua mfumo wa kompyuta wa hisa, akiba na mikopo, ambao pia humtumia mwanachama ujumbe wa simu kila anapoweka au kutoa fedha. Tuliuwasha tarehe 1 Mei. Kurudi nyuma hatuwezi, wala sitaki: leseni yetu ni ya daraja la tatu, yaani la vyama vya akiba na mikopo, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, taarifa za chama tunazipeleka Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, na leja za karatasi zilikuwa zinatuchelewesha kila mwisho wa mwezi.

Mafunzo yalichukua siku tatu. Mkufunzi alikuwa mjuzi wa kazi yake, ila alikwenda haraka, na skrini zote zilikuwa kwa Kiingereza. Siku ya tatu jioni sote tulitia sahihi kwamba tumeelewa.

Sasa ni mwezi wa nne tangu tuuwashe. Mama mmoja, karani wa leja aliyeingia chamani miaka mingi kabla yangu, hubaki ofisini kila jioni akinakili miamala yote ya siku kwa kalamu kwenye daftari lake, na keshia naye ameanza kumfuata. Tulipofunga hesabu za Julai, mfumo ulionyesha kwamba wanachama wanadaiwa Sh 1,340,000 zaidi ya zile zilizomo kwenye daftari, na nilishangaa kuona kwamba watumishi wote, hata vijana, waliliamini daftari. Mjumbe mmoja wa bodi anataka madaftari yakusanywe, yafungiwe kabatini, na atakayekutwa nalo apewe barua ya onyo. Ninasita, kwa sababu mama huyu sijawahi kumkuta na upungufu hata wa shilingi mia. Hata hivyo, hatuwezi kulipia mfumo kila mwezi huku chama kikiendeshwa kwa daftari. Je, nilikusanye?

Masijala, Iringa:

Kamwene, ndugu meneja. Tafadhali usilikusanye kabla hujalisoma.

Nilifanya kazi ya masijala katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Tulipoletewa mfumo wa kusajili wagonjwa, uongozi uliyaondoa madaftari yote Jumatatu asubuhi, bila kumwuliza karani yeyote kilichokuwa kikiandikwa humo. Kufikia Jumatano tulikuwa tunaandika nyuma ya maboksi ya glavu. Tuliitwa wakaidi, na mwenzetu mmoja alihamishwa kituo. Ilichukua muda mrefu mpaka mtu mmoja akaja kukaa nasi dirishani siku nzima, akagundua kwamba daftari letu lilikuwa na safu ambayo mfumo haukuwa nayo: kitongoji cha mgonjwa na jina analoitwa nyumbani. Huku kwetu kijiji kimoja kinaweza kuwa na watu wanne wenye jina moja na ukoo mmoja, na karani huwatofautisha kwa kitongoji. Bila safu ile, mafaili yalikuwa yanachanganyika, na kwa mgonjwa faili kuchanganyika ni jambo la hatari. Safu hiyo ilipoongezwa kwenye mfumo, madaftari yaliisha yenyewe, bila amri ya mtu.

Kwa hiyo nakushauri uvute kiti, ukae ubavuni mwa mama huyo jioni moja, wala usimwite ofisini kwako. Mwombe akuonyeshe daftari ukurasa kwa ukurasa, naye akueleze kwa nini anaandika kila anachokiandika. Mtu aliyeshika leja miaka mingi hachoshi mkono wake kila jioni kwa sababu ya ukaidi tu. Kuna kitu amekiona.

Mhasibu, Uyole:

Naunga mkono aliyetangulia, na nitaongeza la kihesabu, kwa sababu tofauti yenyewe inaweza kukueleza mengi. Kwanza usijadili ni kipi cha kuaminiwa. Chukua mkopo mmoja mmoja, uoanishe daftari, mfumo na vocha, yaani hati ya muamala wenyewe, kwa kuwa vocha ndiyo shahidi wa wote wawili.

Mfumo ukionyesha deni kubwa kuliko daftari, mimi huanzia kwenye riba. Tuseme mwanachama amekopa Sh 1,200,000 kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Riba ikikokotolewa juu ya mkopo wote wa awali, atalipa Sh 18,000 kila mwezi, jumla Sh 216,000. Ikikokotolewa juu ya salio linalopungua, huku akirejesha Sh 100,000 za mkopo kila mwezi, jumla ya riba ni Sh 117,000. Tofauti ni Sh 99,000 kwa mkopo mmoja tu, na mikopo 14 ya namna hiyo inaizidi tofauti yako yote. Mifumo mingi inaruhusu njia zote mbili, na fundi anayeuweka mfumo huchagua mojawapo siku ya kwanza, mara nyingi bila kufungua sera ya mikopo ya chama. Tazama sera yenu inasemaje, kisha tazama mfumo umewekwaje. Baada ya hapo angalia salio la kuanzia la tarehe 1 Mei, halafu majina yanayofanana.

Mkishazijua sababu, wekeni kipimo cha kulifunga daftari: funga hesabu za miezi miwili mfululizo, na mfumo na daftari vikikubaliana mara zote mbili, daftari lifungwe kwa sahihi ya mama mwenyewe, yako na ya mwenyekiti wa kamati ya usimamizi. Jitahidini jambo hilo liishe kabla ya Oktoba, maana msimu wa mikopo ya pembejeo ukianza hakuna atakayepata nafasi ya kuoanisha chochote.

Hakikisheni pia kwamba kila mtumishi ana nywila yake. Nimekuta ofisi ambako watu watatu walitumia nywila ya keshia mmoja, na kosa lilipotokea hakuna aliyejua ni la nani. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuzilinde taarifa za wanachama, na nywila ya watu watatu hailindi kitu.

Msimamizi wa ghala, Makambako:

Mimi nina neno tofauti kidogo na waliotangulia, na ninalisema kwa heshima.

Kuendesha hesabu mbili kwa pamoja ni mzigo mzito kuliko unavyoonekana. Sisi tulianza vivyo hivyo, tukasema tutaacha madaftari mambo yakitulia, tukakaa hivyo miezi kumi na moja. Watumishi walichoka, kazi ikawa mara mbili kwa mshahara ule ule, na jambo baya kuliko yote ni kwamba hakuna aliyejitahidi kurekebisha makosa ya mfumo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na pa kukimbilia. Kipimo cha mhasibu ni kizuri, lakini bila tarehe kinaweza kusogezwa mbele kila mwezi. Tangaza tarehe, iandike ukutani, bodi iijue.

Tena, ndugu meneja, jiulize jambo moja. Mwanachama anapokuja na haraka zake na wewe unataka kujua salio lake, unafungua kompyuta au unamwita mama? Kwetu meneja alituhimiza tutumie mfumo, lakini yeye mwenyewe kila asubuhi aliagiza aletewe daftari. Watumishi walifuata alichokifanya.

Afisa utumishi, Njombe:

Hapo kwenye barua ya onyo ndipo ninapotaka kukuzuia. Mtu aliyefundishwa siku tatu kwa lugha asiyoimudu, akatia sahihi kwa sababu wenzake wote walitia, hawezi kuadhibiwa kwa haki kwa kujiwekea kumbukumbu.

Isitoshe, sijaona mahali ulipogusia hofu ya ajira, ambayo naamini imo ofisini mwako hata kama haijatamkwa. Mtumishi anayeona kompyuta ikifanya kwa dakika moja kazi aliyokuwa akiifanya kwa siku nzima atajiuliza kama bado anahitajika, hasa akiwa na umri mkubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayahesabu mahitaji ya kiteknolojia miongoni mwa sababu zinazoweza kumfanya mwajiri apunguze wafanyakazi, na watumishi wengi wamewahi kusikia hivyo. Wasichokijua ni kwamba kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio hilo mapema, aeleze sababu, na ashauriane nao kabla ya kuamua. Kama bodi haina mpango wa kupunguza mtu, iseme hivyo kwa maandishi. Kama inao, iwaambie sasa, kwa maana ukimya unawatisha kuliko habari yenyewe.

Kuhusu mafunzo, kumbukeni jinsi M-Pesa ilivyoenea tangu ilipoingia nchini mwaka 2008. Wazazi wetu hawakuitwa darasani. Walijifunza kwa wakala wa jirani, kwa kurudia jambo moja mbele ya mtu wasiyemwonea haya. Mpe kila mtumishi mwenzake wa kukaa naye, na waanze na kazi moja tu, kwa mfano kupokea marejesho, mpaka iwaingie mkononi.

Meneja wa Tukuyu:

Ndugu zangu, nimekawia kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na majibu.

Nilikaa na mama jioni nne. Kati ya zile Sh 1,340,000, Sh 1,012,000 zilitokana na riba, kama alivyohisi mhasibu: mikopo 11 iliyotolewa tangu Mei ilikokotolewa juu ya mkopo wote wa awali, wakati sera yetu ni salio linalopungua. Sh 240,000 zilikuwa marejesho ya mwanachama mmoja yaliyoingizwa kwenye akiba ya mwingine mwenye jina kama lake, nami nikamkumbuka ndugu yetu wa Iringa na kitongoji chake. Sh 88,000 zilizobaki ni rejesho ambalo mama aliliandika mara mbili daftarini. Alilitambua mwenyewe tulipofikia ukurasa ule, akanyamaza kidogo, kisha akalikata kwa mstari na kutia sahihi.

Kilichoniumiza ni hiki. Lile la riba alikuwa ameliona tangu wiki ya pili. Alimweleza mkufunzi kwa simu, akajibiwa kwamba mfumo haukosei, na kwangu hakuja kwa kuwa alidhani na mimi nitamjibu vivyo hivyo. Na swali la ndugu wa Makambako limenipata barabara, kwa sababu ni kweli kwamba kila nilipotaka salio la haraka nilimwita mama. Nimeacha.

Bodi imekaa. Barua ya onyo haitaandikwa, na watumishi wote tisa wamepewa barua inayosema kwamba hakuna atakayeondolewa kwa sababu ya mfumo. Daftari litafungwa tarehe 30 Septemba, mradi hesabu za Agosti na Septemba zikubaliane. Mama ameandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili, hatua za kupokea marejesho, tukazibandika kando ya kompyuta ya keshia, na nimewaona hata vijana wakizitazama.

Limebaki jambo moja zito. Wale wanachama 11 walikwisha kutumiwa ujumbe wa simu wenye deni lisilo sahihi, na baadhi yao wamelipa zaidi. Jumatatu tunaanza kuwapigia mmoja mmoja ili kuwaomba radhi na kuwaeleza jinsi fedha zao zitakavyorudishwa. Nilikusudia kuifanya kazi hiyo mimi mwenyewe, lakini mama ameomba awapigie yeye, kwa kuwa wanaijua sauti yake.

Ndaga fijo, asanteni sana.